Utepe Unaoanzia Moja

Mume wangu kazi yake ni kushika ncha ya utepe. Watu wakiniuliza nawajibu hivyo hivyo, maana ukiwaambia yuko idara ya ardhi wanaanza kuja nyumbani na ugomvi wa mipaka ya viwanja, na mimi nimechoka kuwachemshia chai watu waliogombania ua. Anashika ncha ya utepe. Mpimaji ndiye aliyesoma, ndiye mwenye kitabu na kalamu. Yeye anapiga goti pale kipimo kinapoanzia, anabana utepe chini kwa kidole gumba, anapaza sauti, "Tayari!" Basi. Miaka ishirini na saba ya "tayari". Suruali zake zote zimetoboka goti la kulia, la kushoto zima kabisa, na anayeshona viraka ni nani kama si mimi?

Kazini wanamwita Sifuri, kwa kuwa namba inayokaa kwenye ncha ndiyo anayoishika. Hakasiriki. Ni mtu asiye na makuu, mdomo mzito, ukimgombeza anakusikiliza mpaka mwisho halafu anauliza kama kuna maji ya kuoga. Kwa mke mwenye maneno mengi kama mimi hiyo ni adhabu ya kutosha.

Mtu mmoja tu alikuwa anaweza kumchekesha mpaka atoe machozi, naye ni dada yake mkubwa, wifi yangu. Mama yao alifariki mume wangu akiwa bado anatambaa. Dada mtu alikuwa na miaka kumi na minne. Akaacha shule, akambeba mgongoni, akamlisha, na alipofika umri akampeleka mwenyewe kwenye shule ile ile aliyoiacha. Hajawahi kumwita "mdogo wangu". Alimwita "mwanangu", mbele za watu, hata mbele ya bosi wake. Mimi naye tulikuwa watani tangu siku ya kwanza. Nikifika mlangoni kwake ananiambia, "Karibu, mwizi. Nilikupa kijana, unanirudishia mzee." Namjibu kwamba huyo kijana nilimpokea akiwa tayari ameshachakaa. Tunacheka, tunakaa, anashuka na mambo yake yote, nami nashuka na yangu.

Wifi alikuwa na baa. Usifikirie baa ya taa za rangi na muziki wa kupasua masikio. Ilikuwa na meza nne, friji moja linalonguruma, baraza yenye mabenchi mawili. Aliiendesha miaka kumi na minane, tangu mume wake alipoondoka kwenda kutafuta kazi, akaipata, na akapata na mke mwingine huko huko. Pombe yenyewe wifi haonji. Mteja akianza kupandisha sauti anamnyang'anya chupa, anamwambia nenda nyumbani, mkeo anakusubiri, na wanaume wazima wanatii wameinamisha vichwa. Hana mtoto, hana shamba, hana pensheni. Alichonacho ni ile baa na mwanangu wake, basi.

Sasa, karibu na hapo kulikuwa na uwanja mtupu uliokaa miaka na majani yake. Mwaka juzi halmashauri wakautenga uwe shule ya msingi. Wakachomeka kibao, wakasimamisha nguzo mbili zilizopakwa chokaa pale litakapokuwa geti, wakaenda zao. Na sisi wa mtaa huu tuliipigia kelele hiyo shule, mimi nikiwemo, tena mstari wa mbele. Watoto wetu wanavuka barabara kuu ya malori asubuhi na mchana. Mjukuu wangu anaanza darasa la kwanza mwakani, na kila nikimfikiria kwenye barabara ile roho inakuwa juu. Wifi mwenyewe aliweka sahihi kwenye barua ya kuomba shule. Jina lake lilikuwa la tatu.

Kumbe kuna kanuni: pombe isiuzwe ndani ya mita mia mbili kutoka shule, zikipimwa kutoka geti mpaka mlango wa muuzaji, kwa njia anayopita mtu kwa miguu. Leseni ya wifi ilipofika wakati wa kuhuishwa, halmashauri wakasema mtaa ujadili kwanza. Ndipo tulipoanza kujadili. Mungu wangu. Tulijadili mpaka midomo ikakauka.

Mkutano wa kwanza na wa pili ilikuwa kelele tu, kwenye ukumbi wa ofisi ya mtaa, juu ya viti vya plastiki ambavyo ukiegemea vinakutupa. Mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba aliyefundisha nusu ya watu waliokuwa wanambishia, alisema hawezi kukubali mtoto ajifunze kusoma kwa kusoma majina ya bia. Upande wa pili wakamuuliza mtoto yupi, mbona shule yenyewe ni nguzo mbili na kibao. Mtu akasema kwanza wajenge. Mwingine akasema wakijenga kwanza, baa nayo itakuwa imeongezwa ghorofa. Mteja mmoja wa wifi, fundi viatu, akasimama kwa heshima zote akaeleza kwamba akihamishiwa mbali atakunywa huko mbali, na kurudi atarudi kwa njia ile ile ya shuleni, ila sasa amechoka na miguu haimtii. Watu walicheka. Hata mwalimu alicheka, kidogo, kisha akakaa chini akashika kiuno. Nilitaka shule, nilimtaka na wifi, na mikono yangu haikunyooka upande wowote. Yeye alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani, anajibu anapoulizwa, "Nitafuata kitakachoamuliwa."

Mwishowe mwenyekiti, mzee wa watu mwenye presha, akakata kauli: mpimaji aje apime, namba ndiyo iamue. Mtu akakumbusha kwamba anayeshika utepe ni mdogo wake mwenye baa. Mwenyekiti akasema huyo hasomi namba, anashika tu, ana ubaya gani. Wakapima Jumatano. Mkutano wa tatu matokeo yakasomwa.

Hapa lazima nieleze habari ya utepe, vumilia kidogo. Utepe wa idara ni wa mita hamsini. Miaka sita iliyopita lori liliukanyaga kwenye kona, ukakatika mwanzoni, mita moja nzima ikaenda. Mpimaji wa wakati ule aliandika barua ya kuomba mwingine, akaandika ya pili, akaandika ya kumi, akaacha. Kazi haiwezi kusimama kwa kungoja utepe. Basi wakawa wanaanzia kwenye namba moja badala ya sifuri, na kila wakivuta, mpimaji anatoa moja kwenye anachosoma kabla hajaandika. Ukisoma hamsini, unaandika arobaini na tisa. Nyumbani mume wangu alishalizoea mpaka likawa utani wetu. Nikimwambia nina miaka hamsini, ananiambia toa moja. Sasa yule mpimaji alistaafu mwanzoni mwa mwaka, akaja binti mpya kutoka chuoni, binti mzuri, ana adabu, anamwamkia mume wangu kila asubuhi. Wa zamani alikaa naye siku tatu kumkabidhi ofisi. Mume wangu akaamini kwamba ndani ya siku tatu hizo ameambiwa na habari ya utepe. Wa zamani bila shaka aliamini kwamba Sifuri atamwambia. Na Sifuri yuko mita hamsini kutoka kwenye kitabu, anasikia upepo tu.

Pale ukumbini binti alisimama akasoma, vizuri, kipande kwa kipande: hamsini, hamsini, hamsini, hamsini, tatu. Jumla mita mia mbili na tatu. Baa imepita kwa mita tatu.

Watu wa upande wa wifi wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu alifunga daftari lake polepole. Mwenyekiti akafuta jasho, akasema wiki ijayo kikao cha mwisho cha kuthibitisha, mwenye pingamizi aje nalo, na tafadhali pingamizi liwe fupi. Nilimgeukia mume wangu nimpe mkono. Alikuwa anatazama sakafu na midomo inahesabu.

Tulirudi nyumbani, tukakaa kula. Akaweka kijiko, akaniambia, "Ule utepe hauwezi kutoa hamsini." Sikumwelewa. Akanieleza taratibu: binti hakutoa ile moja. Mivuto mitano, mita tano. Si mia mbili na tatu. Ni mia moja tisini na nane.

Nilisukuma sahani yangu pembeni. Kisha nikamuuliza nani mwingine anajua. Akasema hakuna, wa zamani amehamia kwao, binti hajui, vibarua hawajui kusoma utepe. Nikamuuliza sasa unataka nini. Akasema namba imeandikwa si ya kweli na yeye ndiye aliyeshika mwanzo wake. Nikasema ni dada yako. Akasema anajua ni dada yake. Nikasema ni mita mbili, mita mbili ni kitanda. Akanitazama tu. Huyu mtu hana elimu ya kubishana na wewe, lakini ukimpa kamba ya kufunga kiwanja hatakuibia hata upana wa kidole. Nimewahi kumwona akitoka kazini usiku amechoka hoi kwa sababu amerudia kona moja mara nne, kona ya mtu asiyemjua. Nikajua hatanyamaza. Kusema kweli nilikasirika, nikagonga sufuria kwenye sinki kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Halafu nikamwambia neno moja la maana, na hilo sijutii. Nilimwambia, "Kama utasema, kamwambie dada yako kwanza. Asilisikie ukumbini."

Akakubali. Jumamosi mchana akavaa shati safi akaenda. Alikaa huko saa mbili nzima. Mimi nyumbani nafua nguo ambazo nilishazifua, nasubiri. Alirudi na madoa ya rangi ya bluu mikononi mpaka kwenye viwiko. Wifi alikuwa ameamini mambo yameisha, akanunua rangi, akaanza kuipaka baa upya. Mume wangu alimkuta juu ya stuli, skafu kichwani, anaimba. Akamwambia mwanangu chukua brashi, pale juu sifiki. Akachukua. Wakapaka ukuta wa mbele wote pamoja, akampa soda, wakakumbushana mambo ya utotoni, mume wangu akacheka mpaka akatoa machozi.

"Ukamwambia?" nikamuuliza.

"Alikuwa anapaka rangi," akasema.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwambia arudi sasa hivi. Akasema atakwenda kesho. Kesho yake akasema ana homa, na kweli alikuwa na homa, mwili ulimchemka. Jumatatu na Jumanne alikuwa kazini mbali. Na mimi je? Mimi nilikuwa mzima. Kutoka kwangu hadi kwa wifi ni mwendo wa kuchemsha chai. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na mdomo, tena ule mdomo wangu unaojulikana mtaa mzima. Jumatatu nilifika mpaka kwenye kona, nikaona ukuta wa bluu, nikamwona amesimama barazani anautazama ameshika kiuno, nikageuza. Nikajiambia haya ni mambo ya ndugu wawili, mimi ni mtu wa kuja, nikimwambia mimi itaonekana nimemchongea mume wangu. Sababu sikuzikosa. Mtu mwoga hakosi sababu hata siku moja.

Jumatano tukaenda. Watu walikuwa wachache; mtaa mzima ulishachoka na hii habari. Wifi alikuja na kitenge kipya, akaketi kando yangu, akanifinya mkono. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi, kalamu tayari iko kwenye karatasi. Mume wangu akasimama. Watu wengine hawakuwa wamewahi kumsikia akisema neno zaidi ya "tayari".

"Utepe una upungufu," akasema. "Unaanzia moja. Haikutolewa."

Akaeleza. Hakueleza vizuri, alirudia, alikwama, binti mpimaji akawa anageuza kitabu chake haraka haraka na uso umemshuka. Alimuuliza kwa sauti ndogo, "Mzee, mbona hukuniambia?" Mkono wa wifi ulikuwa bado juu ya mkono wangu. Aliuondoa, akaweka kwenye mkoba wake, bila haraka.

Mwenyekiti akasema basi twende tukapime sote, tuone kwa macho, tumalize. Tukaenda tukiwa kama watu thelathini, tunaburuza miguu juani. Binti, ili pasiwe na neno, akasema safari hii waanzie mlangoni na kuishia getini. Kwa hiyo ilibidi mume wangu apige goti kwenye kizingiti cha dada yake. Aliweka utepe pale, namba moja, akabana kwa kidole. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, juu yake kabisa. Pindo la kitenge chake lilimgusa begani.

"Tayari," akasema mume wangu, na haikusikika, ikabidi arudie.

Arobaini na tisa. Arobaini na tisa. Arobaini na tisa. Arobaini na tisa. Mbili. Kwenye nguzo za chokaa binti aliinua mkono, akasoma jumla kwa sauti. Mia moja tisini na nane. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa ameshinda, alisema tu kwamba ana kiu, akaondoka. Mwenyekiti akaandika, watu wakatawanyika wawili wawili. Mimi na wifi tukatangulia kurudi barazani, kwenye harufu ya rangi.

Mume wangu alirudi kutoka getini akipiga hatua moja moja, anauzungusha utepe kurudi kwenye boksi lake. Wifi alimsubiri afike.

"Jumamosi ulikaa hapa saa mbili," akamwambia.

"Ndiyo, dada."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa amechoka tu, amechoka kama mtu aliyeteremka kutoka safari ndefu. "Ungeniambia, mwanangu, ningefunga mwenyewe," akasema. "Ningesimama mle ndani niseme nimezeeka, nafunga, watoto wapate shule yao. Ningepigiwa makofi. Umenipima mbele ya watu."

Mume wangu aliinamisha kichwa akaendelea kuzungusha utepe ambao ulishaisha kuzunguka.

Ndipo wifi akanigeukia. Macho yake yalikuwa yanang'ang'ania, yanatafuta mahali pa kushika. Akaniuliza, "Na wewe, wifi? Ulijua?"

Nikasema sikujua.

Nilisema haraka, bila hata kumeza mate. Mume wangu aliinua uso akanitazama, yeye ambaye hawezi kuacha mita mbili zilale. Nilingoja aseme. Akaliweka boksi begani, akatangulia nyumbani.

Hiyo ni mwaka jana. Baa imefungwa, wifi amempangisha fundi viatu chumba cha mbele, na fundi anakunywa mbali, kama alivyosema. Kazini walimwandikia mume wangu barua ya onyo, na wakaleta utepe mpya. Shule imefikia msingi, wanasema madarasa mawili yatakuwa tayari kwa muhula wa kwanza, na mjukuu wangu hatavuka barabara. Nashukuru. Nashukuru kweli.

Ila wifi hazungumzi na mdogo wake. Wakikutana anamsalimia kama anavyosalimia karani wa posta, anapita. Mume wangu naye hajacheka tangu siku ile, wala hajawahi kunitajia lile jibu langu, hata siku nilizomgombeza mpaka ikabidi anijibu.

Na kila mchana, mume wangu akiwa kazini, wifi anakuja kwangu. Haniiti mwizi tena, ule utani ulikufa. Anakaa kwenye kiti cha jikoni, anavua viatu, ananieleza yale yale: jinsi alivyombeba, jinsi alivyomlisha, jinsi huyo mwanawe alivyosimama na brashi mkononi akimpigia hadithi huku amemficha jambo moyoni. Kisha ananishika mkono ananiambia bora wewe, wifi, bora nina wewe, ungejua ungeniambia.

Nami namwambia anywe chai, inapoa.